Mstari Ndani ya Ndoo

Kazi ya kwanza ya Leni Altmann kila asubuhi ilikuwa kufuta vumbi mezani. Hata kama mama yake alilifuta kabla ya kulala, kukicha lilikuwa limerudi, jekundu na laini kama unga wa ulezi, limeingia mpaka kwenye vijiko. Mwaka huo ulikuwa wa tatu tangu mvua iikatae Wirrabel, mji wao mdogo wa wakulima. Ngano iliyopandwa mwaka uliotangulia ilichomoza kidole kimoja, ikatazama juu, ikakauka.

Kazi ya pili ilikuwa kondoo. Zamani walikuwa na kondoo mia sita. Wakauza, wakauza tena, mpaka wakabaki majike arobaini, wote wana mimba. Hao hawakuwa wa kuuzwa. Robyn, mama yake Leni, alisema mvua ikirudi kundi litaanzia hapo, na hao wakipotea hakuna pa kuanzia. Kwa kuwa malisho yalikuwa yamebaki vumbi tupu, kondoo walifungiwa katika boma karibu na nyumba na kulishwa kwa mkono. Majani makavu yalikuwa yamebaki marobota machache. Baba alikuwa amekwenda kusini na lori kutafuta mengine, wiki ya pili sasa. Ndipo wakaanza kuwapa ngano.

Ngano hiyo ilikuwa na sheria yake. Mama alichukua ndoo nyeupe, akachora ndani yake mistari saba kwa kalamu nyeusi. Mstari wa kwanza ulikuwa karibu na kitako, wa saba karibu na mdomo. Kila baada ya siku tatu walipanda mstari mmoja, si zaidi.

"Tumbo la kondoo limezoea majani," alimwambia Leni. "Ngano kwake ni mgeni. Mgeni humkaribishi chumbani siku ya kwanza. Kwanza anakaa barazani."

Leni alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kila Jumamosi, mama alipokwenda mjini kuleta maji ya kunywa, aliachiwa kulisha peke yake. Aliionea fahari kazi hiyo. Zaidi ya yote alimpenda kondoo mmoja, Biskuti, ambaye alimlea mwenyewe kwa chupa ya maziwa nyuma ya jiko mama yake kondoo huyo alipokufa. Biskuti alikuwa mkubwa sasa, lakini alijiona bado mtoto wa nyumbani. Ndoo ikionekana tu, yeye ndiye wa kwanza, akiwasukuma wenzake kwa mabega.

Ijumaa moja, ndani ya basi la shule, Shauna alimgeukia kutoka kiti cha mbele. Shauna hakuwa mtoto mbaya, ila ulimi wake haukujua kupumzika.

"Nimewaona kondoo wenu," akasema. "Ukitaka kujifunza hesabu, huna haja ya kitabu. Hesabu mbavu."

Watoto wakacheka. Leni akasema kondoo wao wanakula kila siku.

"Wanakula nini, upepo? Baba yangu anasema mtu asiyeweza kulisha mnyama amuuze, asimtese."

Leni alitazama dirishani mpaka basi likapita ghala refu la nafaka kando ya reli, tupu, njiwa wakiingia na kutoka. Neno "asimtese" lilimfuata mpaka nyumbani.

Kesho yake mama alipoondoka na pikapu, Leni alichukua ndoo na kuteka ngano kutoka kwenye gunia mpaka mstari wa tatu, mstari wa siku hiyo. Aliimwaga katika hori. Kondoo waliimaliza kabla hajageuka, kisha wakainua vichwa wote kwa pamoja wakamtazama. Biskuti alikuja akamgusa mkono kwa pua.

Leni alirudi kwenye magunia, akasita. Mama alijua kimo cha kila gunia kwa macho tu. Lakini nyuma ya banda kulikuwa na pipa kubwa la bati lenye ngano ya mbegu, safi, ambayo haijatiwa dawa ya kupandia. Pipa lile halikuguswa. Hata mwaka jana, nyumba ilipokuwa taabani, baba hakulifungua. Ndani yake ndoo chache zisingeonekana. Leni akafungua kimlango cha chini, akajaza ndoo mpaka mdomoni. Akarudi mara ya pili. Mara ya tatu. Mara ya nne.

Kondoo walikula mpaka wakatoa sauti ya kushiba, sauti ambayo Leni alikuwa ameisahau. Biskuti alisimama katikati ya hori, asimpishe mtu. Leni aliketi juu ya uzio akiwatazama, moyo wake umetulia kwa mara ya kwanza tangu jana. Alijiona mtu mwema.

Mama aliporudi akauliza, huku akishusha madumu, kama alifuata mstari.

"Ndiyo, Mama," akasema Leni.

Jumapili asubuhi Leni alipofika bomani, nusu ya kondoo walikuwa wamelala. Wengine walisimama miguu imetanuka, matumbo yamevimba, wakisaga meno. Biskuti alikuwa ameegemea uzio, kichwa chini. Leni alimwita. Sikio moja lilitikisika, basi.

Alikimbia kumwita mama. Mama alikuja mbio, akapiga goti kwa huyu, akagusa tumbo la yule, akanusa midomo. Kisha akanyanyuka akatazama bwawa lililokuwa chini ya boma. Maji yalikuwa yamepungua mpaka yakawa ya kijani pembeni.

"Ni maji," akasema. "Yameoza. Wamekunywa sumu."

Leni alijua maana yake. Bwawa lile ndilo pekee lililobaki na maji upande ule wa Wirrabel. Jirani yao, Mzee Lindsay, alikuwa akinyweshea ng'ombe wake hapo kwa ruhusa yao. Bwawa likisemwa lina sumu, litafungwa kwa waya, na Mzee Lindsay, ambaye alikuwa hajauza ng'ombe hata mmoja, atalazimika kuwapakia wote kwenye lori wiki hiyohiyo. Na hawa kondoo, mama alikuwa tayari anasema watawaswaga kilomita nane hadi kisima cha mji, wagonjwa hivyohivyo.

Mama alitoa simu mfukoni akaanza kutafuta namba ya Mzee Lindsay.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Leni hakuukumbuka msemo huo. Aliona tu kidole cha mama kikishuka kwenye kioo cha simu, na upande wa pili Biskuti akianguka, akijaribu kuinuka na kushindwa. Akajiambia kwamba huenda kweli ni maji. Akajiambia kwamba huenda watapona wenyewe. Miguu yake ilitaka kwenda nyumbani. Mdomo ukakataa kwenda nayo.

"Mama, usipige. Si maji. Ni mimi."

Mama alishusha simu.

"Niliwapa ngano nyingi jana. Ndoo nne, za kujaa. Nimeichukua kwenye mbegu."

Leni alingoja kupigiwa kelele. Mama hakupiga. Aliuliza mambo mawili tu: saa ngapi, na kama waliila yote. Leni akajibu. Mama akampigia daktari wa mifugo badala ya Mzee Lindsay.

Daktari alikuwa mbali, mwendo wa saa tatu kwa gari. Lakini alisema anaijua shida hiyo vizuri. Ngano ikizidi huchacha tumboni kama pombe, ikamtia mnyama sumu kutoka ndani. Wasipewe punje nyingine hata moja. Wapewe majani makavu, na kila mmoja anyweshwe soda ya kuokea iliyokorogwa kwa maji, mara moja, maana kila saa ina thamani. Akaongeza kwamba angepigiwa saa za jioni asingekuwa na la kusaidia.

Nyumbani kulikuwa na boksi moja la soda, tena nusu. Mama akampigia Bi Wulan, mwenye duka na tanuri la mikate pale mjini. Bi Wulan alizaliwa Surabaya, jiji la ng'ambo ya bahari, akaolewa Wirrabel, na huu ulikuwa mwaka wake wa ishirini wa kuwaokea mikate watu wale wale. Hakuuliza maswali kwenye simu. Alifunga duka akaja na maboksi yote yaliyokuwa kwenye rafu.

"Robyn, miaka yote nakuuzia boksi moja kwa mwaka," alisema akishuka garini. "Leo unataka thelathini. Nani anaolewa, na mbona bibi harusi ana manyoya?"

Mama alicheka bila kutaka, na kicheko hicho kidogo kiliwapa wote nguvu.

Wakagawana kazi. Bi Wulan alikoroga. Mama alishika vichwa. Leni alitia shingo ya chupa pembeni mwa mdomo na kumimina polepole, kidogo kidogo, maana ukiharakisha maji huingia kwenye mapafu. Aliomba waanze na Biskuti. Mama akatikisa kichwa.

"Tunaanza na wanaoweza kuinuka tena."

Leni alielewa, na kuelewa huko kulimuuma kuliko kofi. Walikwenda kondoo hadi kondoo. Mikono ilimfa ganzi, nguo zikalowa mate na maji ya soda. Zamu ya Biskuti ilipofika alikunywa nusu chupa akaacha. Leni alimpakata kichwa kama zamani nyuma ya jiko, akamdondoshea matone kwa kidole. Mchana, kabla daktari hajafika, Biskuti alikata roho. Wengine wawili walimfuata. Waliobaki, mmoja mmoja, wakaanza kunyanyuka na kutafuna majani.

Daktari alipokuja aliwapima wote, akasema thelathini na saba watapona. Alipokwenda zake, watu watatu wale waliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma wakinywa chai. Leni hakunywa yake.

"Nilitaka washibe tu," akasema. "Shauna alisema tunawatesa."

Bi Wulan alizungusha kikombe mikononi. Alisema dada yake huko Surabaya ana kibanda cha tambi, na unga wa tambi zile hutoka nchi nyingine, na mwingine ulitoka hapa hapa kwetu, katika ghala lile la kando ya reli, enzi lilipokuwa likijaa. Tangu mvua ikatike huku na kwingine, unga umepanda bei kule.

"Bakuli lake ni lile lile, tambi zimepungua," akasema. "Wateja wanamtukana kila siku. Wanamwita bahili. Naye anaumia, maana wengine ni wanafunzi, wanakuja na njaa. Lakini akijaza bakuli leo, wiki ijayo kibanda kimefungwa na hakuna atakayekula."

Leni hakuwahi kufikiri kwamba mtu wa mbali vile angeweza kutukanwa kwa sababu ya vumbi la mezani kwao. Alitazama lile pipa la bati nyuma ya banda.

"Ndoo nne zile," akauliza, "zingetosha kupanda eneo gani?"

"Kiwanja kizima cha mpira," mama akajibu. "Mwaka wa mvua kingetoa kama tani mbili. Hesabu mwenyewe mabakuli." Akamsogelea. "Sikiliza, mwanangu. Huruma yako sina ugomvi nayo. Mtu asiye na huruma hafai kushika mnyama. Lakini huruma inahitaji kipimo, hasa wakati wa njaa. Anayepima si lazima awe bahili. Mara nyingi ndiye anayefikiria kesho. Na uongo wa jana umetugharimu usiku mzima ambao tungekuwa tunawatibu. Ungesema jana, labda Biskuti angekuwa hapa. Hilo utalibeba, siwezi kukupokea. Lakini leo umesema, tena kabla sijaharibu zaidi. Thelathini na saba wako hai kwa sababu hiyo, na Mzee Lindsay ana ng'ombe wake."

Leni alilia hapo, kwa mara ya kwanza siku ile. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jumatatu, ndani ya basi, Shauna alikuwa amesikia, maana Wirrabel haina siri. Aligeuka na mdomo wazi, tayari kusema. Leni akamtangulia. Alisema ni yeye aliyewalisha kupita kiasi, na kondoo watatu wamekufa, pamoja na wake. Shauna akasema kwa sauti ya chini kwamba wao pia waliwahi kupoteza kumi na wawili hivyo hivyo, ila baba yake hapendi kusimulia.

Siku ya Alhamisi baba alirudi, lori limejaa majani makavu hadi juu. Kondoo wakala majani matupu siku kumi. Kisha mama akasema sasa ngano inaweza kuanza tena, tangu mwanzo. Mistari ya ndoo ilikuwa imefutika kwa kusuguliwa siku ile ya soda. Mama alitoa kalamu nyeusi, akampa Leni.

"Chora wewe."

Leni aliingiza mkono ndani ya ndoo akachora mstari wa kwanza, karibu na kitako. Aliteka ngano kwenye gunia, akaisawazisha kwa kiganja. Punje chache zilikuwa juu ya mstari. Kondoo thelathini na saba walisimama kwenye uzio wakimtazama, na pale mbele, mahali pa Biskuti, palikuwa wazi. Leni alizitoa punje zile kwa vidole, akazirudisha guniani, kisha akafungua lango.