Nyasi za Akida

Kila asubuhi, kabla moshi haujatoka kwenye mapaa ya nyasi ya Omurushaka, Mwaja alichukua mundu na kushuka bondeni. Hakwenda kukata nyasi za ng'ombe, maana kwao hawakuwa na ng'ombe. Alikata nyasi za Akida.

Akida alikuwa simbilisi. Kama hujamwona simbilisi, fikiria kiazi kitamu chenye manyoya na masikio mawili madogo, kisicho na mkia, kinachopiga mluzi kila kikisikia chakula kinakuja. Bibi Zuena, mama yake baba wa Mwaja, alimkuta Bukoba kwa mpishi wa Mzungu mmoja, siku ambayo maji ya kumchemshia yalikuwa tayari jikoni. Bibi alimpa mpishi doti ya kanga akaondoka na mnyama ndani ya kikapu. Akamwita Akida kwa sababu, alisema, ni mnene, hafanyi kazi, na lazima ale kabla ya watu wote. Hiyo ilikuwa miaka ya Wadachi, yaani Wajerumani, na akida alikuwa ofisa wao wa kukusanya kodi. Gharib, baba yake Mwaja, alimwomba mama yake asilitaje jina hilo kwa sauti askari wakipita. Basi askari wakipita, Bibi alilitaja kwa sauti zaidi.

Sasa Akida alikuwa na umri wa miaka saba, na simbilisi wa miaka saba ni mzee wa mwisho. Jicho moja lilikuwa na ukungu, na mgongo ulibaki mifupa.

"Mimi na yeye tumezeeka pamoja," Bibi alimwambia Mwaja. "Lakini mimi nikiwa na njaa ninapiga kelele mpaka nyumba inahama. Yeye nimekuachia wewe. Nyasi mbichi za bondeni, kila siku. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Kusikia alisikia. Lakini masika yalipofika, bonde likajaa ukungu, na nyasi zikawa na maji mpaka kiunoni. Mwaja alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kitanda chake kilikuwa na joto. Usimcheke. Na wewe kitanda chako nakijua.

Gharib alikuwa mfanyabiashara wa nguo na chumvi. Watu walimletea ngozi kutoka Chonyonyo na Ihembe, naye aliwapokea kwa desturi ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe. Alitandaza nyasi mbichi sakafuni, wageni wakakaa juu yake, kisha akawapitishia kikapu kidogo cha kahawa kavu ya kutafuna. Wageni walitafuna na kuzungumza, na maganda wakayatema hapo hapo kwenye nyasi. Kila asubuhi nyasi za jana zilizolewa zikatupwa migombani.

Siku moja Mwaja alizitazama nyasi hizo kabla hazijatupwa. Bado zilikuwa za kijani. Akachota kumbatio moja, akampelekea Akida. Kisha akajimwagia maji ya mtungi miguuni, ili ionekane ametoka kwenye umande.

"Umetoka bondeni?" aliuliza Bibi.

"Nimetoka, Bibi. Tazama miguu."

Siku ya pili ikawa rahisi zaidi. Siku ya sita alikuwa hata hafikirii, isipokuwa kukumbuka kulowesha miguu.

Siku ya nane Akida hakupiga mluzi. Alikuwa amejikunyata pembeni mwa tenga lake, anatetemeka, na tumbo lake linaharisha. Mwaja alimwita. Akamtikisa. Mnyama akafungua jicho lile zima, akalifumba tena.

Hasira ikampanda Mwaja mpaka masikio yakawa ya moto. Hasira ya namna ile haikai bure, hutafuta mtu. Ikampata Kokugonza.

Kokugonza alikuwa binti wa Mzee Byabato, jirani yao mwenye shamba la migomba, na ndiye rafiki wa Mwaja wa kila siku. Jana yake alikuwa amempa Akida kipande cha ndizi mbivu. Mwaja alimkuta kisimani pamoja na wasichana wengine sita.

"Umempa nini Akida?"

"Ndizi. Si ulikuwepo?"

"Ndizi gani ya kumharisha mtu? Umempa sumu."

Kokugonza akatua kibuyu chake polepole.

"Rudia."

"Sumu. Unamwonea wivu kwa sababu kwenu hamna."

"Nimwonee wivu panya asiye na mkia?" Kokugonza alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Sisi kwetu tuna ng'ombe wanne, Mwaja. Wana mikia yote minne."

Msichana mmoja akacheka, lakini wengine walikuwa tayari wanasogea mbali na kibuyu cha Kokugonza.

Nyumbani, Bibi Zuena alikuwa amepiga magoti karibu na tenga, na magoti yale hayakuwa ya kupigwa ovyo. Alimfunika Akida kwa kipande cha lubugo, nguo ya gome la mti, akamwekea ubavuni jiwe lililopashwa moto. Akamwagiza Mwaja alete majani machanga ya viazi vitamu, akayaponda, akamtia Akida kinywani kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, huku akimnung'unikia.

"Kula, mvivu wewe. Nilitoa kanga nzima kwa ajili yako. Kula."

"Ni Kokugonza, Bibi," alisema Mwaja. "Amempa sumu."

Bibi alikuwa anatoa nyasi chafu kwenye tenga ili aweke nyingine. Mkono ukasimama. Akaokota kitu kidogo cheusi, akakinusa, akakiweka kiganjani. Akaokota kingine. Yalikuwa maganda ya kahawa yaliyotafunwa.

"Mwaja," alisema. "Huyu Akida ameanza lini kukaribishwa kahawa?"

Mwaja akatazama mlango.

"Sijui."

"Na alama hizi za meno ya mtu kwenye ganda, ni zake?"

"Sijui. Kwa nini unaniuliza mimi? Kila kitu mimi!" Akatoka, akaupiga teke mtungi wa maji. Mtungi haukuvunjika. Kidole chake ndicho kilichoumia, na hilo likamwongezea hasira.

Jioni, jua likiwa bado juu ya kilima, Mzee Byabato alifika akiwa na fimbo yake, na nyuma yake Kokugonza mwenye macho mekundu. Alikataa kukaa. Gharib alimletea kikapu cha kahawa, nacho akakikataa. Hapo kila mtu alijua mambo yameharibika, maana Mnyambo anayekataa kahawa yako hajaja kusalimia.

"Bibi Zuena," alisema, "tumekaa jirani miaka kumi. Leo kisimani watoto wamekataa kunywa maji kwa kibuyu cha binti yangu. Mke wangu amepeleka ndizi kwa watu, zimerudishwa. Wanasema nyumba yangu inatia watu sumu. Hapa kwetu neno hilo linahamisha mtu na watoto wake. Nataka huyu mtoto aliseme mbele yangu."

Gharib akamgeukia Mwaja. Bibi Zuena alikuwa na Akida kifuani, ndani ya lubugo. Alinyoosha kiganja kingine, chenye maganda mawili, akakiacha pale wazi.

Mwaja alitaka kumkasirikia Bibi. Akataka kumkasirikia Mzee Byabato, na masika, na baba yake na wageni wake watema maganda. Akawapitia wote mmoja mmoja. Hakubaki mtu ila yeye.

"Si sumu," alisema. "Ni mimi. Sikwenda bondeni. Nilimpa nyasi za wageni, siku saba. Na miguu niliilowesha kwa maji ya mtungi."

Kokugonza akasema, "Siku saba? Na mimi ukanitukana kwa ndizi moja?"

"Kesho asubuhi," Gharib alimwambia Mwaja, na sauti yake haikuwa ya mchezo, "utasimama kisimani useme hivyo hivyo. Na mimi nitasimama nyuma yako, nisikie kama umeacha neno."

Asubuhi Mwaja alisema, na hakuacha neno. Wasichana walimcheka mpaka maji yakamwagika. Mchana ule Kokugonza alikuja na majani ya viazi bila kuitwa, akakaa upande wa pili wa tenga, bila kumsalimia Mwaja. Walimlisha Akida kwa zamu siku mbili. Siku ya pili alipiga mluzi mmoja, mwembamba, na Mwaja akadhani amepona. Alfajiri ya siku ya tatu walimkuta amekufa.

Mwaja hakulia kwanza. Alikasirika.

"Nilisema kweli," alimwambia Bibi. "Nilisema mbele ya watu wote. Mbona amekufa?"

"Ulidhani unamnunua?" Bibi alijibu, naye alikuwa na hasira, maana simbilisi alikuwa wake. "Alikuwa mzee, angekufa mwaka huu kwa vyovyote. Lakini wewe ulimharakisha kwa nyasi zile chafu za kahawa, na hilo sitakuficha. Kweli yako haikumponya Akida. Imeponya nyumba ya Byabato. Watu wamekunywa tena kwa kibuyu chao, nao hawahami. Ungeisema siku ya kwanza ya uvivu, pengine ingewafaa wote wawili, Akida na Byabato. Mnyama hana mdomo wa kukushitaki, mwanangu. Ndiyo maana anayemtunza lazima ajishitaki mwenyewe, tena mapema."

Ndipo Mwaja alipolia. Bibi akamwacha alie mpaka akatosheka.

Walimzika Akida kwenye shamba la Mzee Byabato, chini ya mgomba mchanga. Kokugonza alichimba, Mwaja akamweka akiwa ndani ya lubugo yake. Mzee Byabato alifukia kwa mguu, akasema mgomba ule utazaa vizuri.

"Bora," alisema Bibi Zuena, akijipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Miaka saba hajafanya kazi. Sasa aanze."

Kesho yake, kabla moshi haujatoka kwenye mapaa, Mwaja alichukua mundu akashuka bondeni. Hakuna aliyemtuma. Alikata nyasi mbichi mzigo mzima, akapanda nazo mpaka nyumbani kwa Kokugonza, akazitandaza sakafuni kwao. Kokugonza alimtazama kutoka mlangoni, kisha akainama akamgusa miguu.

"Umande," alisema baada ya kuonja kidole. "Haya, kaa."