Neno Mbele ya Watu Kumi na Wanne

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, manyunyu yalikuwa yakishuka Kisumu na upepo wa ziwa ukiyasukuma hadi ndani ya maduka. Katika duka moja la vifaa vya kompyuta, kati ya watu waliosongamana wakiikimbia mvua, mikono miwili ilishika waya mmoja wa mtandao, wa mwisho rafuni.

"Bwana, mimi ndiye niliyeushika kwanza," alisema Sheryl Adongo. Alivaa gauni la kitenge cha kijani na viatu virefu vya mpira.

"Mwenye viatu vya kulimia mpunga anautakia nini?" aliuliza kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi.

"Kumfunga mtu mdomo."

Kijana akacheka, akauachia. Saa mbili baadaye alibisha hodi katika ghala baridi la samaki upande wa Dunga, ambako Adongo alitunza hifadhidata ya kila samaki aliyepimwa langoni. Sakafu ilikuwa maji matupu ya barafu. Ndipo alipovielewa vile viatu. Jina lake Mathews Khaemba, fundi aliyeletwa kuweka mfumo wa uangalizi: programu ya kuichungulia hifadhidata kila dakika kupitia draiva ya kawaida, yaani kiunganishi cha programu na hifadhidata, na kutoa tahadhari ikiona hatari.

"Hadi Ijumaa nitakuwa nimeufungulia mfumo wako akaunti yake, ya kusoma tu," alisema Adongo. "Leo jaribu muungano kwa nenosiri langu. Kisha ulifute."

"Nitalifuta, jaber."

"Mbukusu, nani kakufundisha kuniita mrembo kwa Kijaluo?"

"Hicho kitenge."

Ijumaa alimkabidhi akaunti hiyo. Mapenzi yakashika kasi: simu za asubuhi, samaki wa kukaangwa ufukweni kila Jumapili, mizaha isiyokwisha kuhusu nani kati yao alaye ugali mkubwa.

Jumatatu, tarehe 20 Mei, saa mbili na dakika tano asubuhi, Adongo alibadilisha nenosiri lake kama kanuni ilivyotaka. Saa tatu mfumo ukatoa tahadhari: nafasi ya hifadhidata ilikuwa ikijaa. Ilikuwa kazi ya dakika tano, lakini akaunti yake ilikataa kumpokea, ilikuwa imefungwa. Makao makuu wakaifungua. Ikajifunga tena kabla hajaingia. Hifadhidata ikajaa, mizani ya langoni ikasimama. Kufikia adhuhuri, samaki aina ya mbuta wa malori mawili walikuwa wameoza langoni.

Meneja Obiero aliita kikao. Watu kumi na wanne walikaa.

"Mfumo wangu ulionya mapema," alisema Khaemba, bila kumtazama Adongo. "Labda mwenzetu amesahau nenosiri lake."

Adongo akasimamishwa kazi siku ile ile. Miaka sita ya jina safi ilizikwa kwa neno "labda".

Kesho yake simu ililia.

"Sheryl, mpenzi, nilisema nilichokijua."

"Hukukijua. Ulikisia, na katika kukisia ukalichagua jina langu."

"Hasira hizi zitatufikisha wapi?"

"Zitanifikisha kwenye ukweli. Wewe sijui." Akakata.

Aliomba makao makuu orodha ya majaribio yote yaliyokataliwa asubuhi ile. Alhamisi Khaemba alifika nyumbani kwa Adongo, mtaa wa Kaloleni, na kijisanduku chekundu cha pete mkononi. Adongo hakumkaribisha kiti. Alimpa karatasi.

"Soma. Kwa sauti."

"Saa mbili na dakika sita, nenosiri si sahihi. Saa mbili na dakika saba, nenosiri si sahihi. Saa mbili na..."

"Yanatoka mashine gani?"

Khaemba alishusha karatasi. "Yangu. Ile ya uangalizi. Muungano wa majaribio uliendelea kando ya ile akaunti mpya. Sikulifuta nenosiri lako."

"Mlinzi wako aligonga mlango kwa ufunguo wangu wa zamani kila dakika, mpaka nikafungiwa nje ya nyumba yangu. Nawe ukasimama ukasema mwenye nyumba ndiye msahaulifu."

"Nisamehe," alinong'ona.

"Uliponivunjia jina hukunong'ona. Ulisema mbele ya watu kumi na wanne. Una deni la kulirekebisha mbele ya hao hao. Na hicho kijisanduku kitie mfukoni."

Ijumaa saa nne, Khaemba alisimama katika chumba kile kile. Alihesabu vichwa, vilikuwa kumi na vinne.

"Kosa lilikuwa langu," alisema, safari hii akimtazama Adongo. "Niliacha nenosiri lake katika muungano wangu, mfumo wangu ukaifungia akaunti yake, kisha nikamsingizia. Hakusahau kitu."

Obiero alikohoa, akamtaka Adongo arudi mezani pake. Adongo alivaa viatu vyake vya mpira pasipo haraka.

Mlangoni pa ghala Khaemba aliuliza, "Na mimi?"

"Deni umelilipa," alisema Adongo. "Pete haikuwa sehemu ya deni. Usiniletee kama malipo."

"Niilete kama nini, na lini?"

Adongo aliingia hadi mezani pake, akageuza kompyuta, akamvutia kiti. "Kwanza lifute nenosiri langu. Nakutazama."