Sekunde Alizoiba Kidoti

Kila siku alipotoka shule, Kidoti hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwenye geti la chuo, akamsalimu mlinzi, kisha akaingia katika ofisi ya baba yake kando ya uwanja. Ofisi ilinuka dawa ya kuchua misuli na mipira ya zamani. Hapo alifanya kazi za shule mpaka baba alipomaliza zake, ndipo wakarudi nyumbani pamoja.

Baba yake alikuwa kocha wa riadha chuoni hapo kwa miaka kumi na minane. Mwaka uliopita alipandishwa cheo akawa mkuu wa michezo. Siku hizi aliandika barua, alikodi mabasi na kupanga ratiba. Hata hivyo watu waliendelea kumwita Kocha, na jina hilo aliliitikia upesi kuliko cheo chake.

Kidoti hakuwa na ugomvi na kazi ya baba. Ugomvi wake ulikuwa na Twiga.

Twiga alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, msichana mrefu, mkimbiaji wa mita mia mbili. Kocha ndiye aliyemwona kwenye mashindano ya shule akamwombea nafasi ya kusoma chuoni bila ada. Sharti lilikuwa moja: kabla ya mwaka kwisha, akimbie kwa sekunde ishirini na tano nukta tano au chini ya hapo. Akishindwa, angerudi kwao.

Mezani wakati wa chakula, habari ilikuwa Twiga tu. Twiga sasa anainua magoti. Twiga anaanza vizuri.

"Baba," Kidoti alisema jioni moja, "leo nilikuwa wa tatu kwenye mbio za shule."

"Hongera, mama! Nisamehe sikufika. Twiga aliumia kifundo cha mguu, nikampeleka zahanati. Lakini kile kifundo, unajua..."

"Wewe, mtoto anaongea na wewe," mama alimkatiza. Lakini baba alikuwa ameshafika mbali na kifundo chake. Kidoti alisukuma sahani, akaenda kulala.

Siku ya mwisho ya kupima muda ilifika. Kwa kawaida mkimbiaji hupimwa kwa saa tatu za kubonyeza, na muda wa katikati ndio unaohesabiwa. Siku hiyo mojawapo iliishiwa betri. Zikibaki mbili, muda unaohesabiwa ni ule mbaya zaidi. Kidoti aliijua kanuni hiyo tangu darasa la tatu. Ya kwanza alipewa karani wa ofisi. Mpimaji mwingine hakutokea, basi Kocha akampa Kidoti saa ya pili.

"Mdogo wangu, umekuja kunishangilia?" Twiga aliuliza.

"Nimekuja kupima."

"Haya, bosi!"

Kisha Kocha akapiga goti, akaanza kumfunga Twiga kamba za viatu, akivuta kila upande kwa makini. Kidoti aliangalia. Moyo ulimchemka kama maji ya chai.

Vibao vya kuanzishia mbio vikagonganishwa. Twiga akaja mbio, akavuka mstari. Karani akabonyeza. Kidole cha Kidoti kilisubiri kidogo tu, muda wa mtu kumeza mate. Ndipo kikabonyeza.

"Ishirini na tano nukta tatu!" karani alipiga kelele.

"Ishirini na tano nukta tisa," alisema Kidoti.

Karani alikunja sura. "Kocha, tofauti gani hii? Mtoto kachelewa."

"Huyo nimemfundisha kupima mwenyewe tangu ana miaka sita," alijibu Kocha. "Mkono wake nauamini kuliko wako. Kama kuna aliyekosea, ni wewe."

Akaandika nukta tisa. Twiga alikaa chini kwenye nyasi, akavua viatu.

Miezi mingi Kidoti alitamani baba amsifu hivyo mbele ya watu. Sasa amesifiwa, na sifa zimemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Ofisini alimkuta baba amevua miwani, ameshika kalamu.

"Unaandika nini, baba?"

"Barua ya kumrudisha Twiga kwao. Mimi nilimleta, lazima sahihi iwe yangu."

"Usitie sahihi." Kidoti aliizuia karatasi kwa kiganja. "Nilichelewesha saa makusudi."

Baba alivaa miwani. "Kwa nini?"

"Ulimfunga kamba za viatu! Mimi nilikuwa wa tatu, na hukuuliza hata ni mbio gani."

"Mbio gani?"

"Mia nane."

Baba aliweka kalamu chini. "Hilo ni kosa langu, na nitalibeba. Lakini hili la leo ni lako. Usilifiche nyuma ya langu. Simama, twende."

Walianza kwa karani. "Nilikuambia umekosea," Kocha alisema. "Niliyekosea ni mimi. Niwie radhi."

"Afadhali, Kocha. Nilishaanza kuulizia bei ya miwani."

Kisha bwenini. Twiga alikuwa anakunja nguo, begi liko wazi kitandani. Kidoti alisema yote, macho yakiwa sakafuni, na Kocha akasema ataomba mbio zirudiwe.

"Nimeshampigia mama yangu simu," alisema Twiga. "Unajua alivyolia?"

"Samahani, dada."

"Nimesikia. Sasa nipisheni nipumzike, kama nitakimbia tena."

Kocha aliieleza kamati ya michezo ya chuo ukweli, bila kuficha kwamba mkosaji ni mwanawe. Kamati ikakubali mbio zirudiwe. Siku ya tatu Twiga alikimbia mbele ya watu wazima watatu wenye saa. Muda wa katikati ulikuwa ishirini na tano nukta nne. Alirukaruka mpaka akaanguka. Alipofika karibu na Kidoti, alisimama.

"Wewe. Nishikie haya maji."

Kidoti akayapokea kwa mikono miwili.

Wakati wa kurudi nyumbani, baba alisema, "Wivu nimeuona sana uwanjani. Mkimbiaji akimwonea mwenzake wivu akazidisha mazoezi, namsifu. Akimkanyaga mguu, namtoa. Wivu ukikaa moyoni, sema, tukusaidie. Ukiuachia mkono wako, umekuwa mwizi. Sekunde zile Twiga alizitolea jasho mwaka mzima, na wewe ulizichukua kwa kidole kimoja. Saa hutashika mwaka huu."

"Sawa, baba," Kidoti alisema.