Dirisha la Kontena

Haya yalimkuta rafiki yetu seremala, na yeye si mtu wa kuzua.

Alinunua kontena kuukuu awe anafanyia kazi humo na kuweka zana zake. Ndani mlinuka kama mdomo usiojua mswaki, basi shemeji yake akaja na mashine ya kukatia chuma, akamtobolea dirisha. Kipande kilichotoka kingefungwa bawaba kesho yake, kiwe ndicho kifuniko.

Kesho yake kipande kikagoma kuingia.

"Shemeji, ulipima kwa macho?"

"Kimetoka hapohapo, nipime nini? Hebu ona nzi hawa! Wanafuata nini kwenye chuma?"

Seremala akamwambia akishikilie hapo tunduni. Yeye akaingia ndani na kufunga mlango, aone mwanga unapenya wapi, kama mafundi wafanyavyo. Haukupenya popote. Giza totoro, na mvumo wa nzi tu. Akapapasa ukingo, akakuta unanata. Ukucha ukabandua kigaga, na uji wa vuguvugu ukamchuruzika hadi kiwikoni. Harufu ile ikamjaa kinywani.

"Kiondoe, shemeji! Kiondoe nipate mwanga!"

Sauti ikamjibu kutoka mbali. "Nimeshakiondoa kitambo, niko nacho huku bandani nakipunguza!"

Akapapasa tena kulitafuta tundu. Mkono ukapita juu ya kigaga kitupu, kipana kama dirisha, na chini yake kitu kikawa kinapwita taratibu.