Kitenge Kilichovuka Utepe

Wagonjwa wa kuigiza walikuwa kumi, kila mmoja na kadi yake shingoni. Muuguzi Epifania aliwahesabu mwenyewe asubuhi ile nyuma ya hospitali, upepo wa Sumbawanga ukilitikisa hema la kuogeshea. Sasa ameshawaosha wote kumi, na kuna bibi mmoja bado amesimama mbele yake. Hana kadi.

Mafunzo yalikuwa ya siku mbili: lori la sumu za shambani likipinduka, watu waoshwe vipi kabla ya kuingizwa wodini? Mwalimu wao, Adriano, hakuwa na masihara. "Sumu inakaa kwenye nguo! Vua zote, funga kwenye mfuko, ndipo maji na sabuni. Nguo isivuke utepe mwekundu kwenda upande safi, hata iwe ya askofu!" Wauguzi walicheka, na Epifania alicheka kuliko wote, maskini.

"Shikamoo mama," alisema ndani ya barakoa. "Tunavua kitenge, eh?"

Bibi alikibana kitenge kifuani. Alinuka masizi yaliyolowa. "Usinivue, mkwe wangu."

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika. Epifania aliolewa kijijini Milepa, kwenye nyumba ambayo mkwe hakanyagi hata kivuli cha mama mkwe. Na mtu mzima akishakuita mkwe, utamvua kwa mikono ipi? Aliona haya. Akatazama huku na huku, akamwona Adriano ameinamia pipa la maji machafu, akammiminia maji juu ya kitenge hivyohivyo. Maji yakateleza yote chini, kitenge kikabaki kikavu.

"Pita tu, mama," alinong'ona.

Upande wa pili wa utepe, muuguzi mwenzake Timoth alikuwa anaandika majina ya waliooshwa. Karatasi yake ilikuwa na watu kumi. "Bibi yupi, sista? Mbona hajapita mtu?"

Epifania alijicheka, akasema ni uchovu. Lakini alasiri, alipofungua mlango wa nyumba yake mtaani Malangali, harufu ya masizi yaliyolowa ilimpokea sebuleni. Mwanawe Faith, wa miaka minne, aliyempata baada ya mimba tatu kuharibika, alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika kitenge kilekile mpaka kidevuni.

"Bibi kanifunika, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nasikia baridi."

Weee! Epifania alikivuta kile kitenge akakitupa nje, na chini yake palikuwa na kitenge kingine kilekile, akakivuta na hicho, na kingine, na kingine, huku mtoto akizidi kuwa wa baridi mikononi mwake, akambeba mpaka uani akammwagia ndoo nzima ya maji, maji yakateleza yakamwacha mkavu, na jirani aliyechungulia juu ya ua akapiga yowe, akakimbia kumwita mzee Lazaro, anayesifika mtaani kwa kutoa majini.

Mzee Lazaro alikuja mbio, lakini hakuvuka kizingiti cha ua. Hata mkoba wake hakuutua.

"Jini hili halivunji mlango, binti yangu," alisema kwa kunong'ona. "Linasubiri kupitishwa. Aliyelipitisha ndiye wa kulivua, tena kabla jua halijazama. Jua likizama, mtoto ni wa jini. Mimi sina dawa yake."

"Nalivua, baba! Nalivua sasa hivi!"

Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya mabati ya jirani. Epifania alipiga magoti, akashika ncha ya kitenge kilichomfunika mtoto kwa mikono miwili, akiomba kwa Kiswahili na Kifipa vikichanganyikana, akiapa kuwa safari hii hata kama ni nani hamwonei haya. Faith akainua uso, akamtazama kwa macho ya mtu mzima sana.

"Usinivue, mkwe wangu."

Mikono ya Epifania iliachia yenyewe. Akainamisha macho, akageukia pembeni, kama alivyofundishwa Milepa. Ilikuwa kitambo kidogo tu, lakini alipogeuka tena jua lilikuwa limeshazama.