Tundu la Ukuta wa Nyuma

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya Mama Amisa ulikauka wote isipokuwa mahali pamoja. Palikuwa chini, karibu na msingi, padogo kama kisahani cha chai. Jua la kiangazi lilikuwa limepasua hata matope ya barabarani, lakini udongo wa pale ulibaki mbichi na mweusi. Pascaline aliuwekea kidole, akakiondoa haraka. Ulikuwa wa baridi.

"Pitchou, ulitia maji mengi hapa?"

"Mimi? Ni weye mwenyewe ulikandika hapo. Ulikataza mutu yeyote kuguza. Ulisema mikono yetu ni ya kushika simu tu."

Ilikuwa kweli. Wote wawili walikuwa mwaka wa mwisho katika taasisi moja ya juu mjini Kasongo, na pale hakuna aliyepata diploma bila kumaliza kozi ya huduma kwa jamii. Kila kundi lilipewa nyumba ya mjane ya kutengeneza kabla ya mvua. Kundi lao lilipewa nyumba ya Mama Amisa binti Hemedi, katika mtaa wa zamani wa Waislamu. Nyumba hiyo ilijengwa na baba mkwe wake, mzee Bulaimu, na tangu siku zake haikubadilishwa kitu ila paa.

Pascaline alikuwa kiongozi wa kundi. Kwao ni vijijini, pande za Wamaza, binti wa wakulima, wa kwanza katika ukoo wao kuvuka shule ya sekondari. Mwaka uliotangulia alianguka katika kozi hiyo hiyo, tena kwa ajili ya ukuta wa nyuma. Mwalimu wao, Asistan Pierre, alikuwa na desturi ya kuanza ukaguzi nyuma ya nyumba, kwa kuwa alijua wanafunzi hupamba mbele. Alikuta nyufa, akawapa sifuri. Safari hii Pascaline aliapa kwamba ukuta wa nyuma utakuwa laini kuliko wa mbele.

Siku ya kukandika, Mama Amisa hakuwepo. Alikuwa amekwenda Nyangwe kwenye kilio cha dada yake. Mwanawe Djafari, muuza vitenge, ndiye aliyebaki kuangalia kazi.

"Baba Djafari," Pascaline alimwita, "iko tundu hapa chini. Linapita hadi chumbani. Tuzibe?"

Djafari alikuwa na simu sikioni. Aliinama, akachungulia mara moja. "Hiyo? Ni ya tangu zamani. Panya ndiyo zinapitia hapo. Zibeni tu."

"Panya za huku ni tajiri," Pitchou alisema. "Angalia namna zimechonga mulango wao."

Wakacheka. Tundu lile lilikuwa la duara kamili, limesuguliwa pande zote kama ukingo wa mtungi wa siku nyingi. Pascaline alifinyanga donge la udongo, akalisukuma ndani kwa mkono wa kuume, akalisawazisha kwa kiganja hata pasijulikane tena palipokuwa wazi.

Mama Amisa aliporudi, hakusalimu. Alizunguka nyumba kwa magoti yake mabovu, akainama nyuma, akaweka kiganja palepale penye ubichi, kisha akakaa chini.

"Ni nani mwenye aliziba?"

"Ni mimi, Mama," Pascaline alijibu, akitazamia kusifiwa.

"Kwa mukono gani?"

"Wa kuume."

Mzee yule aliushika mkono wa msichana, akautazama kama mtu anavyoutazama mkono wa mtoto aliyeumwa na nyoka. "Asante, mwanangu," alisema. "Umefanya kazi muzuri." Kisha akavuta ncha ya mtandio wake, akajifunga kinywa na pua.

Pascaline alidhani jino linamuuma.

Juma lile halikwisha kabla Djafari hajamfuata taasisi. Alimvuta pembeni ya uwanja, akasema kwa sauti ya chini, macho yakiangalia kama kuna wanaosikiliza.

"Dada, njoo nyumbani. Mama anaharibika."

"Anaumwa nini?"

"Sijui. Ile ukuta inatembea."

"Ukuta?"

"Ndani yake. Kuko kitu ndani yake kinatembea. Njoo usikie weye mwenyewe, mimi nikisema watu watasema Djafari ameanza kunywa."

Alikwenda pamoja na Pitchou, jua likielekea kuzama. Walimkuta Mama Amisa ameketi kwenye mkeka, kinywa kimefungwa, tasbihi mkononi. Alikuwa amekonda. Nyumba ilikuwa na harufu ya makaa yaliyozimwa kwa maji, nao hawakuona jiko lililowashwa popote.

Pitchou alifungua kinywa aseme mzaha. Mama Amisa alimwinulia kidole, na kijana akakifunga.

Ndipo wakasikia. Ilianza karibu na mlango, sauti laini ndani ya udongo, kama kiganja cha mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta pa kutokea. Ikapanda kando ya fremu ya mlango, ikafika juu, ikasita. Ikarudi chini, ikafuata ukuta hadi dirisha la kwanza, ikasita. Ikafika dirisha la pili, ikasita. Kisha ikaenda moja kwa moja hadi mahali pale penye ubichi, ikaanza kusugua, taratibu kwanza, halafu kwa haraka, halafu kwa haraka zaidi, mpaka vumbi likaanza kudondoka kutoka darini na mtungi wa maji ukatetemeka juu ya kata yake ya majani, na Pascaline akahisi kiganja chake cha kuume kinamwasha kana kwamba ndicho hasa kinachosuguliwa.

Kisha kimya.

Katika kimya kile Mama Amisa alitikisika. Kitambaa kilivutwa kinywani mwake kwa ndani, kikazama katikati ya midomo, na mwili ule wa kizee ukasimama bila kushika ukuta wala fimbo. Djafari alimkamata mkono. Mama Amisa alimtikisa kidogo tu, kama mtu anayejitoa kwenye mwiba, na Djafari, mwanamume mnene, akaanguka chali.

Yule mama akatoka nje, na wao nyuma yake. Mwanamke ambaye asubuhi alihitaji dakika nyingi kufika chooni alikwenda sasa kwa hatua ndefu katikati ya mihogo, bila kuangalia chini, bila kukwepa visiki, akiteremka kuelekea bondeni ambako watu huacha kwenda jua likishazama, na kadiri walivyokimbia ndivyo alivyozidi kuwa mbali, hadi wakaona tu weupe wa mtandio ukizama ndani ya matete, na matete hayakutikisika alipopita.

"Mama!" Djafari aliita. "Mama weee!"

Kutoka bondeni kitu kilijibu kwa sauti ya Mama Amisa. Hakikusema neno. Kilikuwa kinacheka, cheko la mtu aliyetoka nje baada ya kufungiwa.

Alirudi alfajiri, miguu inatoka damu. Alipolala kwenye mkeka alikuwa yeye mwenyewe tena, na hakuwa na nguvu hata ya kuinua kikombe. Pascaline alimwosha miguu. Ndipo mzee akasema, kwa kunong'ona, kitambaa bado kinywani.

"Mwanangu, humu ndani kuko mupangaji. Alikuwa kwenye kiwanja kabla mzee Bulaimu hajajenga. Wakapatana. Mzee aliweka maandiko juu ya mulango na madirisha, ili yule asipitie njia ya watu. Akamuachia ile tundu moja. Kila magharibi anatoka, alfajiri anarudi. Nilizaa watoto wangu wote humu, hakuguza hata mumoja."

"Na sasa?"

"Sasa anatafuta pa kupitia. Humu ndani, kitu chenye iko wazi na hakina maandiko ni kinywa cha mutu. Mimi najikinga, lakini mutu atazuia miayo mpaka lini?"

Djafari alikuwa anatokwa machozi. "Mama, juu ya nini hukuniambia?"

"Nilikuambia ukiwa mutoto. Ulicheka."

Mwili wa umri ule haungevumilia safari nyingi za namna hiyo. Wote waliokuwa chumbani walijua. Djafari alipanda pikipiki kwenda kumleta Mwalimu Hamadi, mtu wa kitabu, aliyewahi kutoa majini katika nyumba nyingi hadi pande za Lusangi.

Mwalimu Hamadi alisikiliza, akagusa ukuta, akanusa vidole vyake. Hakufungua kitabu.

"Huyu sitamufukuza," alisema. "Yeye hakuvunja sharti, ni ninyi mulivunja. Nitamufukuza kwa neno gani? Mumurudishie njia yake."

"Tubomoe hata leo," Pitchou alisema.

"Si weye. Mukono ulioziba ndio utafungua." Akamgeukia Pascaline. "Kesho saa sita mchana, akiwa amelala ndani ya ukuta. Utaingia peke yako na huyu mama. Utachimba kutoka ndani, kinywa chako kimefungwa. Ukitoboa, atatoka kwa nguvu, kama mutu mwenye kufungiwa. Akikuta kinywa wazi mbele yake, hatachagua. Umesikia? Usiongee. Hata ukiitwa jina lako. Hata ukiumia. Na ninyi wengine, musimuache mutu akaribie nyumba."

Walipotoka, Pitchou alimshika Pascaline bega. "Kesho ni siku ya Asistan. Akikuta tundu katika ukuta wa nyuma..."

"Nitaanguka tena."

"Na diploma?"

"Weye unataka tumuzike huyu mama juu ya diploma?"

Pitchou alikwenda kumtafutia panga.

Kesho yake saa sita, Djafari alisimama mwanzo wa njia na Pitchou mlangoni. Mwalimu Hamadi na vijana wengine wa kundi waliketi mbele ya nyumba, yeye akisoma polepole. Ndani, Mama Amisa alilala amefungwa kinywa, macho juu. Pascaline alijifunga kitambaa mara mbili, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa ncha ya panga.

Udongo ulikuwa mbichi kwa nje tu. Ndani ulikuwa mgumu kama chungu kilichochomwa. Aliacha panga, akatumia kucha. Kiganja kilimwaka moto. Kando ya shavu lake, ndani ya ukuta, kitu kiligeuka kama mtu anayegeuka kitandani, na harufu ile ya makaa yaliyozimwa ikajaza chumba.

Kidole kilitoboa. Uzi wa mwanga uliingia, ukawa upana wa yai, ukawa upana wa kisahani.

Kisha mwanga ukazibwa.

"Ni nani anaharibu kazi?"

Ilikuwa sauti ya Asistan Pierre. Hakupita njia ya Djafari. Alikuwa ameacha pikipiki yake mbali na kuja kwa miguu kupitia mihogo, kama desturi yake, ili aanzie nyuma. Sasa alikuwa amechuchumaa nje ya ukuta, uso kwenye tundu.

"Pascaline? Ni weye? Mwaka jana ukuta wa nyuma, mwaka huu tena ukuta wa nyuma! Unanichezea?"

Pascaline aliuona mdomo wa Asistan karibu sana, meno, ulimi unavyotembea. Na katika muda huo huo alihisi kitu kikitoka udongoni pembeni ya bega lake, kirefu, baridi, kikijikunjua bila haraka kwa kuwa sasa kilijua pa kupita, kikapita juu ya mkono wake na malaika yote ya mkono yakasimama, na kulikuwa na nafasi, hakuna awezaye kusema hakukuwa na nafasi, neno moja lingetosha, "Ondoka!", neno ambalo lilikuwa tayari limefika kooni, lakini kulisema ni kufungua kinywa, na kinywa chake kilikuwa karibu kuliko cha Asistan. Akakishika kitambaa kwa mikono yote miwili, akakikandamiza.

"Nijibu! Niko naongea na weye, wee msicha..."

Hakumaliza.

Mwanga ulirudi tunduni. Ndani ya nyumba, hewa ikawa nyepesi. Mama Amisa alivuta kitambaa chake chini, akapumua kwa mara ya kwanza kama mtu aliyetua mzigo, akaomba maji.

Pascaline alipotoka mbele, Asistan Pierre alikuwa amesimama mbele ya nyumba, anatabasamu. Pitchou alimtazama kwa hofu ya alama, si kwa hofu nyingine. Mwalimu Hamadi alikuwa ameacha kusoma.

"Kazi ni muzuri sana," Asistan alisema, kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake. "Muliacha na tundu. Ni vizuri. Nyumba inapaswa kupumua." Akawapa mkono wote, mmoja mmoja, akaenda zake. Mkono wake ulikuwa baridi.

Mwalimu Hamadi alimtazama Pascaline, akaliangalia lile kundi la vijana wanaoshangilia, akakusanya viatu vyake. Hakuomba malipo.

Mama Amisa alipona. Mpaka leo anapika mwenyewe. Mvua ilipoanza, ukuta haukuingiza hata tone, na tunduni buibui amejenga, maana hakuna tena apitaye.

Matokeo yalisomwa darasani saa za jioni. Asistan Pierre alikuwa amekonda, koti linaning'inia mabegani, viatu vimejaa udongo mweupe wa bondeni. Wanafunzi walinong'ona kwamba ana sukari. Alisoma majina, na jina la Pascaline lilikuwa la kwanza. Kozi ya huduma kwa jamii: kwa heshima kubwa. Darasa likapiga makofi, Pitchou akapiga meza.

Wengine walipotoka, alimwita. Nje jua lilikuwa linagusa miti. Alipiga miayo, mirefu, bila kuziba kinywa, na harufu ya makaa yaliyozimwa kwa maji ikafika hadi alipokuwa msichana.

"Pascaline," alisema, na sauti haikuwa ya Asistan Pierre wala ya Mama Amisa. "Asante kwa kunyamaza."

Pascaline alifungua kinywa ajibu. Kisha akakifunika kwa mkono wa kuume, akarudi nyuma hadi mlangoni.