Bangili Aliyoificha Chiriku

Kila siku akitoka shule, Chiriku alibadilisha sare, akala, kisha akavuka ua kwenda kufagia karakana ya baba yake. Baba yake alikuwa sonara, na vumbi la sonara halitupwi hovyo, kwani chembe za fedha na shaba hujificha humo. Alilifagia polepole mpaka uvunguni mwa meza, akalimimina kwenye kopo.

Jina la Chiriku alipewa na mjomba wake, kwa kuwa mdomo wake haukupoa tangu asubuhi mpaka jioni. Mjomba alikuwa akikaa karibu na dirisha, akinakshi pete na kumtania. "Endelea tu, Chiriku. Nakusikiliza kwa sikio moja, la pili limekwenda kupumzika."

Sasa ilikuwa miezi kumi tangu mjomba afariki. Majirani waliambiwa ni homa ya ghafla. Nyumbani kila mtu alijua kwamba alikuwa akiugua sonona, ugonjwa wa huzuni nzito unaomnyima mtu usingizi, hamu ya kula na hata hamu ya kuiona kesho, na kwamba ugonjwa huo ndio uliokatisha maisha yake. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Na Chiriku siku hizi alifagia kimya.

Mwezi ule kazi ilikuwa nyingi. Muuguzi mmoja wa hospitali, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa akiandaa matembezi ya hisani: siku nne kwa miguu, kilomita mia moja, ili kuchangia ujenzi wa chumba cha ushauri kwa wagonjwa wa akili. Alimwomba sonara atengeneze vidani vidogo vya shaba, kila kimoja kigongwe jina la mtu anayekumbukwa na mtembeaji.

"Na wewe je, utatembea?" aliuliza.

Baba aliweka tupa mezani. "Nitatembea," alisema. "Kwa ajili ya shemeji yangu. Nimechoka kusema ni homa."

Muuguzi alipoondoka, baba alianza kuvuta droo moja baada ya nyingine. "Mimi sitavaa kidani. Nataka bangili yake, ile ya kwanza aliyoitengeneza nilipokuwa namfundisha kazi. Imepinda kidogo, na kiungo chake kinaonekana kama kovu. Mwanangu, hujaiona?"

"Sijaiona, baba," alijibu Chiriku, akainamia ufagio ili uso wake usionekane.

Alikuwa ameiona. Ilikuwa ndani ya soksi, chini ya godoro lake. Wiki moja kabla ya kufariki, mjomba alimvisha mkononi, akasema, "Ichukue, sitaihitaji tena. Nimechoka, Chiriku. Nimechoka na kila kitu. Lakini hili libaki kati yetu, sawa?" Chiriku alidhani amechoka na kazi. Akaahidi, na yule asiyeweza kufunga mdomo, safari hiyo akaufunga. Tangu msiba, hakuweza kuigusa bangili ile. Aliamini kwamba laiti angesema, mjomba angekuwa hai.

Wanafunzi waliruhusiwa kutembea siku ya mwisho tu. Asubuhi mama alimfikisha Chiriku kwenye shule walimolala watembeaji. Baba alikuwa akichechemea, visigino vimejaa malengelenge. Shingoni mwa wenzake vidani viligongana na vifungo vya mashati. Yeye hakuwa na kitu, si shingoni, si mkononi.

Walitembea saa nzima. Kila mara macho ya Chiriku yaliurudia mkono wa baba yake ulio mtupu.

"Baba, tukae kidogo."

Waliketi kando ya barabara. Chiriku akatoa soksi mfukoni, akaikung'uta, na bangili ikaangukia kiganjani mwa baba yake.

"Alinipa mwenyewe," alisema, machozi yakimtoka. "Akasema amechoka na kila kitu, nisimwambie mtu. Nikanyamaza. Ni mimi niliyemuua, baba."

Alisubiri kofi. Badala yake alisikia baba yake akilia, jambo ambalo hakuwahi kulisikia maishani mwake.

"Usiseme hivyo tena," baba alisema. "Mimi pia aliniambia. Alisema halali, moyo mzito. Nikamwambia ajikaze, mwanamume halii. Mimi, mtu mzima na mvi zangu, sikuelewa. Wewe mtoto wa miaka kumi na mmoja ungeelewaje?"

Muuguzi, aliyekuwa akitembea nyuma ili kuwasaidia waliochoka, aliwakuta hapo. Baada ya kusikiliza, alichuchumaa mbele ya Chiriku.

"Mjomba wako aliuawa na ugonjwa, si na ukimya wako. Hukufanya kosa kumpenda na kumwamini. Ila kuanzia leo jua hili. Mtu akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu anavyovipenda, hiyo si siri ya kutunza. Ipeleke kwa mtu mzima unayemwamini, siku hiyohiyo. Wa kwanza asipokusikiliza, nenda kwa wa pili."

"Hata kama atanikasirikia?"

"Hata akinuna mwaka mzima. Anayekununia yuko hai."

Walifika hospitali jioni, wa mwisho kabisa, wameshikana mikono.

Wiki mbili baadaye, wakati wa mapumziko, rafiki yake, binti wa fundi viatu, alimvuta pembeni ya darasa. "Dada yangu haamki kitandani siku ya tano leo. Jana alisema ni heri asingezaliwa. Usimwambie mtu, tafadhali."

Chiriku alitikisa kichwa. "Nisamehe. Hilo siwezi kulificha. Twende wote kwa mwalimu."

"Kumbe ndiyo maana wanakuita Chiriku! Mdomo wazi!"

"Niite utakavyo," alisema, akaenda peke yake.

Rafiki yake hakuzungumza naye tena wiki ile. Jumamosi fundi viatu alikuja karakana, akasimama mlangoni kofia mkononi. "Binti yangu mkubwa ameanza matibabu. Bado halali vizuri, lakini jana alikula. Mdogo wake bado amenuna, atatulia mwenyewe. Mimi nimekuja kushukuru."

Alipokwenda zake, Chiriku aliacha ufagio, akaanza kulia kwa sauti. "Dada yake amepona, baba. Mjomba je?"

"Hajapona bado, ila amepata wa kumsaidia," alisema baba, akimvuta karibu. "Mjomba wako hatarudi, mwanangu, na itatuuma sana. Tulikosea kuufanya ugonjwa wake kuwa aibu, tukaufunika, ukatushinda. Maumivu ya moyo husemwa, kama ya jino, kama ya mguu. Lia tu. Majirani wakiuliza unalia nini, tutawaambia."

Akainuka, akaufungua mlango wa karakana wazi kabisa.